Kipande cha Bibi

"Ikalie basi, mama! Ikalie uone! Hii haiko moto, hii iko nyumba yenye magurudumu!"

Dieumerci alikuwa dalali, na dalali wa mji wa Baraka ukimpa mbuzi mfu atamuuza kama mnyama mpole. Asubuhi ile, ndani ya ua wa depo ya zamani karibu na soko, mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa anaizunguka pikipiki kubwa ya Yamaha, moto kama wanavyoiita Baraka, anapiga kofi tangi lake, anafungua hiki na kufunga kile. Mnunuzi wake, Mama Georgette, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Misisi, alisimama mikono kiunoni.

Inspekta Placide Wilondja wa polisi alisimama pembeni, kofia mkononi. Hakuja pale kupeleleza, au tuseme hakuna aliyejua kwamba amekuja kupeleleza. Aliitwa awe shahidi. Mama Georgette alikuwa ameapa hanunui tena chombo bila mtu wa serikali kusimama na kuona, kwa sababu pikipiki yake ya kwanza aliinunua kwa askari wa kundi moja, na askari wa kundi lingine wakaichukua kabla hata hajajua kuiendesha. Serikali yenyewe ilikuwa ipi mwaka ule wa 2000, hilo mtu hakuuliza. Waasi walishika mji, wanamgambo wa Mai-Mai walishika milima, na Placide alibaki na kofia yake, mhuri wake, na ofisi ambayo mabati yake yalikwenda kuezeka kambi ya Kamanda Bienfait, mkubwa wa waasi hao. Mshahara ndiyo usiseme.

Ila pikipiki hii aliijua. Baraka nzima iliijua. Mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka Afrika alifika nayo vita ya kwanza ilipoanza, akakuta barabara zote zimefungwa, na fundi Norbert Asukulu akamtafutia mtumbwi wa kumvusha mpaka Kigoma. Mzungu akamwachia pikipiki na ufunguo wake, akalia kidogo, akaenda. Norbert akaitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kisha mwaka ule, mvua bado hazijaanza, alirudi nayo kutoka Mboko, akaisukuma kwenda kuiosha ziwani, na hakurudi tena. Kamanda Bienfait alitangaza kwamba Norbert alimuuzia pikipiki, kisha Norbert huyo akapanda milimani kujiunga na Mai-Mai; sasa kamanda aliiuza kwa mdomo wa Dieumerci. Bibi wa Norbert, yaani mkewe, Florentine, alisema huo ni uongo mtupu. Alikuja kwa Placide, akaketi sakafuni katika ile ofisi isiyo na mabati, akasema haondoki mpaka aambiwe bwana wake ni mzima au ni marehemu.

Basi hilo tu ndilo Placide alilokuwa analitafuta: mzima au marehemu. Kumkamata mtu hakuota hata kuota.

Matapeli nao walikuwa wamekwisha kumjia yule mama mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja kamwona Norbert mahali, kila mmoja anataka kitu kidogo cha safari. Placide alimkanya. "Sikiliza, mama Florentine. Muntu akikuletea maneno matupu, mufukuze. Akileta kitu yenye imetoka mu mikono ya Norbert mwenyewe, kitu weye huwezi kukosea, hapo njo umwamini." Florentine aliyashika maneno hayo, akarudi nyumbani nayo.

"Angalia tangi!" Dieumerci alikuwa anaendelea. "Unajaza hapa Baraka, unafika Misisi, unarudi, bado unasikia mafuta inacheza ndani. Angalia masanduku, mbili, ya aliminiamu, kila moja na kufuli yake. Mvua haiingie, mwizi haingie. Hapa iko chuma ya kulinda injini, hapa iko ya kulinda mikono. Taa mbili za ziada. Kioo ya upepo. Pampu iko, spana ziko, hata patchi za kuziba pine za magurudumu ziko! Mama, mzungu alifunga hii moto kama muntu anahama na asirudi!"

"Nimeona," alisema Mama Georgette. "Iko muzuri. Sasa iwashe, nisikie."

Dieumerci alicheka. Akapanda, akapiga kiki. Akapiga tena. Akavua koti, akapiga mpaka jasho likamtiririka shingoni, na pikipiki ikanyamaza kimya kama mtu aliyenuna.

"Iko betri tu," alisema, anahema.

"Betri na kiki wapi na wapi? Mi nanunua moto, sinunue masanduku."

Hapo Placide akakohoa. "Mama, kama mi ni shahidi, acheni niangalie kile nitakishuhudia."

Akapiga magoti. Kazi yake ilikuwa na mwendo mmoja tangu siku alipofundishwa: anza chini, panda juu, usiguse kabla hujaangalia. Chini ya injini alikuta matope mekundu ya vivuko vya mto kwenye barabara ya Mboko, makavu, yamepasukapasuka. Hayo ni ya zamani, ya siku Norbert alipopotea. Akapanda juu kidogo, na macho yake yakasimama. Nyaya zote zilizopita kwenye fremu zilikuwa zimefungwa upya. Sasa hebu kumbuka, mafundi wa Baraka wote hufunga nyaya kwa ukanda wa mpira wa gurudumu, hakuna anayetumia kingine. Hizi zilifungwa kwa uzi mweupe wa nyavu. Uzi ulikaa juu ya matope, haukuwa chini yake. Haukuwa na vumbi, haukuwa na tone la matope.

Akalisogelea fundo. Lilizunguka mara mbili, likarudi chini yake lenyewe, na mkia wake ulikatwa kwa meno, mfupi kabisa.

Placide alilijua fundo hilo. Breki ya baiskeli yake mwenyewe, iliyoegemea ukuta wa ofisi, ilifungwa hivyohivyo, na aliyeifunga ni Norbert. Norbert alikulia Lweba, alifuma nyavu pamoja na baba yake kabla hajashika spana, na chochote alichokifunga maishani, iwe waya, iwe kamba ya kiatu, alikifunga kivuvi.

Ee Mungu wangu! Mtu aliyekufa hafungi uzi.

Akasimama, akajifuta magoti taratibu, sura haionyeshi kitu.

"Dieumerci. Nani alitengeneza hii moto?"

"Fundi ya kamanda."

"Jina yake?"

"Fundi tu, chef, mkubwa wangu. Mi simujue."

"Iko wapi?"

"Alisafiri."

"Lini?"

"Kitambo. Mbele ya mvua, kabla haijaanza."

"Mbele ya mvua. Na huu uzi mbona haujalowa hata siku moja?" Akamwonyesha kwa kidole. "Weye mwenyewe unaweza kufunga hivi?"

Dieumerci aliinama, akatazama, akacheka bila raha. "Fundo ni fundo, chef."

"Hapana, si fundo tu. Hii iko mukono wa Norbert Asukulu. Nikimuleta bibi yake hapa, nimufunge macho, aiguse tu kwa vidole, atakuambia ni ya bwana wake. Sasa unataka nimulete, akuambie mbele ya mama Georgette?"

Ukimuuliza mtu yeyote mwenye akili atakuambia Placide alifanya vizuri. Hakuwa na bunduki wala gari, hakuwa na gereza. Pikipiki ilikuwa ushahidi pekee, na ikivuka kwenda Misisi imekwenda moja kwa moja. Njia aliyobakiwa nayo ilikuwa kumwondolea mnunuzi hamu, basi akaamua kuikamilisha kazi. Akafungua kiti, akakiinua, akatia mkono chini yake.

Mahali palikuwa patupu. Waya uliokuwa na kichwa cha plastiki ulining'inia peke yake.

"Mama Georgette, njoo uone. Hapa kunapashwa kukaa kisanduku cheusi, kidogo tu, kinaenea mu kiganja. Hicho njo kinatuma cheche ku buji, ile plagi ya injini. Bila hicho, upige kiki mpaka mguu ukatike. Na ya kuweka badala yake huipate Baraka, huipate Uvira. Dalali anakuuzishia maiti."

Mama Georgette aliangalia pale patupu, akamwangalia Dieumerci, akajifunga kikwembe chake vizuri.

"Mi nilikuja kununua moto, sikukuja kununua musiba ya bantu," alisema. "Gari ya kunirudisha Misisi inatoka leo kisha chakula ya muchana. Kama mbele ya pale hii moto imesema, nitaitikia. Kama haijasema, mubaki nayo."

Akaenda zake. Dieumerci hakumfuata, wala hakubisha. Alibaki ameinama, anatazama ile nafasi chini ya kiti kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe ambacho hakuwahi kukijua. Kisha akanyoosha mgongo, akatabasamu.

"Umenishinda, chef. Kweli serikali ni serikali. Ngoja nikuletee bia ya Primus moja ya baridi."

"Sikunywe asubuhi," alisema Placide, akavaa kofia. Alikuwa amefurahi. Na tumsamehe furaha hiyo, kwa sababu tangu vita ianze hakuwa ameshinda hata mara moja.

*

Placide alijua kwa nini kisanduku hakipo. Mwenyeji yeyote wa Baraka angejua. Tangu vita ianze, mwenye pikipiki akiwa na akili alitoa kipande kimoja kidogo, kile ambacho bila hicho injini haisemi, akamwachia bibi yake. Walikiita hivyohivyo, kipande cha bibi. Bibi alikifunga kitambaani, akakificha kwenye unga au penye nguo za mtoto, na bwana akikihitaji asubuhi anakiomba. Askari wanaweza kuchukua chombo, lakini hawataenda nacho mbali. Siku ile ya Mboko, lazima Norbert alikwisha kumwachia Florentine kipande, na askari wakamshika anaisukuma kwenda ziwani. Kwa njia gani, hilo Placide hakulijua bado. Askari wa Bienfait walitoka mbali, na desturi hii hawakuambiwa na mtu.

Ila upelelezi una utaratibu wake. Uzi mmoja haushtaki mtu. Huenda kuna mvuvi mwingine aliyegeuka fundi, huenda Norbert alifunga nyaya zile mwenyewe kabla hajapotea na pikipiki ikakaa ndani bila kutoka. Placide alitaka kuwa na uhakika kabla ya kumpelekea Florentine habari kubwa namna hiyo. Badala ya kukunja kulia kwenda kwa Florentine, akakunja kushoto kwenda ufukoni, kwa Gentille, mwanamke anayeuza nyuzi na ndoano. Hapakuwa na mwingine anayeuza uzi ule mjini.

"Gentille, uzi kama huu, mweupe, umeuzisha kwa nani siku hizi?"

"Kwa bavuvi, papa Placide. Nitauzisha kwa mapadri?"

"Bavuvi tu?"

Gentille aligeuza midomo, akatazama kando. "Na soda moja, askari wa kambi. Alikuja kisha mvua kubwa, ile yenye ilibeba daraja. Hakulipa. Mi namuuliza, kumbe na banyinyi munaanza kuvua? Ananiambia hapana, ni fundi ya kambi anautaka. Eti bila uzi wa nyavu hafanye kazi, mpira hautake." Akacheka. "Fundi gani huyo wa kudekadeka?"

Placide hakucheka. Akaegemea meza ya Gentille.

"Alisema fundi iko ndani ya kambi?"

"Njo vile alisema. Juu ya nini?"

"Hapana kitu, mwanangu. Aksanti."

Sasa yote yalikaa mahali pake. Norbert alikuwa kambini, yuko hai, na alikuwa anaishi kwa hila. Waliposhindwa kuiwasha pikipiki walimhitaji yeye, na yeye hakuwaambia kinachokosekana. Leo aliwaambia ni nyaya, kesho kabureta, kesho kutwa mafuta mabaya. Alifungua, akasafisha, akafunga, kidogo kidogo. Kila siku ambayo pikipiki haikuwaka ilikuwa siku ambayo Norbert anapewa chakula. Na alidai uzi wa nyavu ili mtu wa Baraka akiuona aelewe.

Placide aliona ajabu ya mtu huyu, akasikia fahari kana kwamba ni ndugu yake. Kilichobaki ni kumwambia Florentine maneno mawili tu. Bwana wako ni mzima. Na kile kisanduku, hata akija malaika kukiomba, usikitoe.

Akapandisha kutoka ufukoni kwa haraka, na njiani ndipo alipopunguza mwendo bila kujua kwa nini. Alikuwa amemkumbuka Dieumerci pale depo, ameinama, anatazama chini ya kiti. Dieumerci hakuwa askari wa kutoka mbali. Dieumerci alizaliwa Baraka.

Placide akaanza kukimbia.

*

Alisikia kuimba kabla hajafika. Florentine alikuwa uani, anakoroga bugali katika sufuria kubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza. Samaki wa ziwani, mikeke, walikuwa tayari juu ya sahani, wamefunikwa. Alikuwa ameoga na kuvaa kikwembe cha sikukuu.

"Papa inspekta!" Aliacha mwiko, akaja mbio, akamshika mikono yote miwili. "Iko muzima! Norbert iko muzima! Nilikuwa nataka kutuma muntu akuite!"

"Nani alikuambia?"

"Dieumerci, ule dalali."

"Alikuja lini?"

"Asubuhi hii hii, na baiskeli. Weye ulitoka wapi, mbona unahema hivyo? Ikala, nikupe maji."

"Mama Florentine. Alikuambia nini? Polepole, neno kwa neno."

"Alisema kamanda amekubali kumwachia. Anataka moto yake iwake, basi. Moto ikiwaka, Norbert anarudi nyumbani leo leo." Alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Mi nilimufukuza kwanza! Usifikiri nimesahau. Nilimwambia, nenda, maneno matupu sitaki, inspekta alinikataza. Njo akatoa hii."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Juu ya kifundo, amejifunga kama bangili, kulikuwa na kipande cha uzi mweupe wa nyavu. Fundo lilikuwa palepale katikati: mara mbili, kurudi chini, mkia mfupi wa meno. Ncha mbili za nje zilikatwa kwa wembe, na upande mmoja ulikuwa na grisi.

Placide aliutambua. Aliuona kwa macho yake, asubuhi hiyohiyo, kwenye fremu ya pikipiki, na aliuonyesha kwa kidole chake mwenyewe.

"Naijua hii gizani," alisema Florentine. "Nani mwingine anafunga hivi? Uzi wenyewe iko mupya, papa inspekta, angalia. Kumbe mikono yake inafanya kazi. Mbele ya hapo sikuwa nalala, nilikuwa naogopa walimukata mikono."

"Na kisanduku?"

Aliona haya. "Ulijua? Usinikasirikie. Norbert alinikataza kumwambia muntu, hata pasteri. Kilikuwa mu unga, mu ile ndoo."

"Kiko wapi sasa?"

"Nilimupa Dieumerci."

Wewe msomaji ungemwambia nini? Kwamba alichokitoa ndicho kilichokuwa kinamlisha bwana wake? Kwamba uzi ule uliletwa na maneno ya inspekta mwenyewe?

Florentine alimtazama usoni, na furaha ikaanza kumtoka. "Nimekosea? Si weye ulinifundisha? Kitu yenye imetoka mu mikono yake, ulisema. Njo nilingoja hiyo. Sikufanya vile ulisema?"

"Ulifanya vile nilisema," alijibu Placide.

Akageuka ili aondoke, na hapo sauti ikafika.

Ilianza kwa kukohoa upande wa depo, mara moja, mara mbili, ikazima. Kisha ikashika, nzito, ya kifua, sauti ambayo Baraka haikuwa imeisikia tangu kabla ya mvua. Kuku walitawanyika. Jirani mmoja akatoa kichwa juu ya uzio, akaita, "Florentine! Si moto ya Norbert ile?"

"Njo ile!" Florentine akapiga kigelegele, akacheza hapo hapo na mwiko mkononi. "Njo ile! Inawaka! Anarudi!"

*

Placide alikwenda kambini mbio, kofia mkononi, na umri wake ule. Kwenye mteremko wa kuacha soko pikipiki ilimpita. Kijana asiyemjua aliiendesha, na Mama Georgette alikaa nyuma, ameshika masanduku ya aliminiamu huku na huku. Alimwona Placide. Kwa muda mfupi walitazamana, kisha yeye akageuza uso kuelekea barabara ya Fizi, na vumbi likawafunika.

Langoni pa kambi palikuwa na askari mmoja, amekaa juu ya kreti ya bia, bunduki magotini.

"Namutafuta fundi," alisema Placide.

"Fundi gani?"

"Wa ile moto kubwa. Ule anafunga na uzi wa nyavu."

Askari alimtazama juu mpaka chini. "Hakuna fundi hapa."

"Alikuwako."

"Alikuwako. Moto imewaka, kazi yake imeisha."

"Bamemwachia? Amerudi kwake?"

Yule askari alikuwa kijana bado, na kitu kilimpita usoni, aibu labda, akatazama upande wa ziwa.

"Bamemupeleka."

"Bamemupeleka wapi? Mi ni inspekta wa polisi. Nataka kuona Kamanda Bienfait. Sasa ivi."

"Kamanda anakula." Askari akasimama, hakuinua bunduki, akasema kwa sauti ya chini. "Rudi kwako, muzee. Iko na batoto? Rudi basi kwa batoto."

Placide alisimama pale langoni; waliopelekwa upande ule wa ziwa hawakuwahi kurudi. Alijua jina la mtu, jina la aliyemshika, mahali alipofungwa, nani aliuza, nani alinunua, uzi ulitoka meza gani na ulifika mkono gani. Kesi nzima ilikuwa kichwani mwake, hakuna pengo hata moja, na hakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumpelekea. Alikasirika mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo hayakufungua lango. Askari akarudi kukaa juu ya kreti yake.

Njia ya kurudi ilipita mbele ya uzio wa Florentine. Angeweza kuzunguka kwa nyuma ya kanisa. Hakuzunguka, miguu ilikataa kumsaidia hata kwa hilo.

Florentine alikuwa amesimama mlangoni pa uzio, anatazama barabara. Ua ulikuwa umefagiwa upya. Viti viwili vilikuwa kivulini, na beseni la maji ya kunawa lilikuwa chini, sabuni kando yake.

"Moto imepita," alisema. "Nilitoka mbio, kumbe haikuwa yeye. Kijana mwingine njo anaiendesha, na mama mumoja nyuma." Alifikiri kidogo. "Hata hivyo ni sawa. Bamechukua moto, bachukue. Atakuja kwa miguu."

"Ndiyo, mama."

"Ulifika kambini? Ulimuona?"

Placide alikuwa mtu wa maswali maisha yake yote. Hili la Florentine lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kumuuliza mtu.

"Sikumuona."

"Basi iko mu njia!" alisema Florentine, na uso wake wote ukafunguka tena. Akamvuta mkono mpaka kwenye kiti kimoja, akamkalisha, akafunua samaki ili aone walivyo wakubwa, akawafunika tena. Uzi ulikuwa bado kifundoni mwake. "Ikala hapa, papa inspekta, tumungoje wote. Ila nakuomba kitu moja. Akifika, usianze na maulizo yako. Muache kwanza akule."

Placide akaweka kofia juu ya goti, akakaa.